Bega langu liliumia kwa .30-06. Nichague risasi gani ya shabaha hapa Nairobi na ya kuwinda Namibia?

*"Habari mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Lang'ata, kimo changu ni mita 1.58 na uzani kilo 54. Ni mwanachama wa klabu ya shabaha na bunduki ya .22 naipenda sana. Mwaka jana nilimtembelea kaka yangu anayefanya kazi Namibia, tukaenda kwenye shamba la rafiki yake nikapewa .30-06 nijaribu. Risasi ya kwanza niligonga karibu na katikati. Ya pili ilienda kando, ya tatu hata sikuona ilikoangukia. Bega lilivilia damu wiki nzima. Sasa wamenialika nirudi kuwinda springbok (aina ya swala), na labda choroa (oryx) mmoja. Nataka bunduki moja tu, niitumie hapa kwa shabaha na kule kwa uwindaji. Mume wangu anasema .243 ndiyo saizi yangu. Muuzaji anasema ni .308 au nisahau. Rafiki klabuni anasema 6.5 Creedmoor inamaliza kila kitu. Nichukue ipi? Na ni kweli kwamba bunduki isiyopiga teke haiwezi kumwangusha mnyama mkubwa?"*

Dada, umenipa karibu kila kitu ninachohitaji isipokuwa uzito wa ile bunduki ya shambani. Kwa jinsi bega lako lilivyoumia, nashuku ilikuwa nyepesi, na uzito huo una uzito katika jibu langu kama ilivyo namba ya risasi yenyewe, yaani hizo .243 na .308 zinazotaja aina yake.

Nasikia hofu mbili katika barua yako. Unaogopa kuumia tena. Halafu unaogopa kwamba ukiyakwepa maumivu utabaki na bunduki dhaifu itakayomjeruhi mnyama, akimbilie vichakani na kufa taratibu. Hofu hii ya pili ningependa kila mwindaji awe nayo kabla hajagusa triga.

Kwanza jambo la sheria, kwa wasomaji wengine watakaosoma hapa. Kuwinda kwa mchezo kulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeshikilia hapohapo. Mwenye shamba la Laikipia hawezi kukupa ruhusa ambayo yeye mwenyewe hana. Hapa nyumbani bunduki yako itakuwa ya shabaha tu, na uwindaji utafanyika huko Namibia ambako sheria inauruhusu na kuuwekea masharti. Masharti hayo, kama utakavyoona, yanamaliza nusu ya ubishi wa mume wako na rafiki yako.

Sasa hilo la teke na nguvu. Hapana, si kweli. Teke ni kile kinachokurudia wewe. Kinachomwangusha mnyama ni pale risasi inapopita na inachoharibu ikipita. Mnyama hufa haraka mapafu au moyo vikitobolewa, kwa sababu damu humwagika na ubongo ukakosa hewa. Risasi kubwa iliyopita tumboni humtesa mnyama kwa saa nyingi. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu: W. D. M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la "Karamojo" kwa sababu ya safari zake kule Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Aliua ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 Mauser ya mwaka 1892 kwa jina la Kiingereza. Simleti Bell hapa kama mfano wa kuiga. Idadi ile inaniuma, na leo sheria za nchi nyingi zinadai angalau .375 kwa wanyama hatari, tena kwa haki. Namleta kwa sababu aliujua mwili wa ndovu, alijua ubongo umelala wapi ndani ya fuvu, na bunduki isiyomtisha ilimwezesha kuipeleka risasi pale alipotaka.

Teke lenyewe hutoka wapi? Risasi na gesi ya baruti vikienda mbele kwa kasi, bunduki hurudi nyuma kwa msukumo uleule. Mambo matatu ndiyo yanayoamua ukali wake: uzito na kasi ya kichwa cha risasi, kiasi cha baruti, na uzito wa bunduki. Wengi husahau baruti, lakini gesi hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi kuliko hata risasi, na katika risasi za bunduki ndefu hubeba karibu theluthi moja ya msukumo wote. Ndiyo maana risasi mbili zenye kichwa cha uzito mmoja zinaweza kupiga mateke tofauti kabisa: iliyojaa baruti zaidi hupiga kwa nguvu zaidi.

Nimekupigia hesabu kwa bunduki ya kilo 3.6 pamoja na darubini, uzito wa kawaida tu. Chukua tarakimu hizi kama makadirio, kwa sababu kila kiwanda kina vipimo vyake. Risasi ya .223 Remington hurudisha takriban jouli 4 (jouli ni kipimo cha nishati). Ya .243 Winchester yenye kichwa cha greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) hurudisha kama 11 na nusu. 6.5 Creedmoor ya greni 140 hufika karibu 16, 7mm-08 Remington ya greni 140 hufika 17, na .308 Winchester ya greni 150 hukaribia 20. Ile .30-06 ya greni 180 hufika karibu 27. Na .22 uliyoizoea? Haifiki hata jouli moja.

Sasa punguza uzito wa ile .30-06 hadi kilo 3.2, kama nyingi za kubeba milimani zilivyo, na jouli 27 zinakuwa 30. Yaani ulitolewa kwenye bunduki isiyo na teke ukapewa teke linalokaribia mara mbili ya 6.5 Creedmoor, juu ya kitako cha bunduki ambacho pengine kilikatwa kwa ajili ya mwanamume wa futi sita. Usijione dhaifu. Mwanamume wa kilo 90 angeumia pia, ila asingesema.

Twende kwenye kile kilichokupata katika risasi ya pili na ya tatu. Risasi hukaa ndani ya mtutu kama elfu moja ya sekunde tu baada ya baruti kuwaka. Mwili wa binadamu hauwezi kushtuka na kusogeza misuli kwa muda mfupi hivyo. Kwa hiyo si teke lililoipeleka risasi yako kando. Ni wewe uliyejikaza *kabla* ya triga kuachia, kwa sababu risasi ya kwanza ilikuwa imeshakufundisha kinachokuja. Mtoto anayeijua sindano hukaza mkono kabla muuguzi hajamgusa. Mwili wako ulifanya hivyohivyo. Macho yalifumba, bega likasukuma mbele, kidole kikavuta triga kwa pupa, na mtutu ukainama. Ndiyo maana hukuona risasi ya tatu ilikoangukia: macho yalikuwa yamefumba.

Tabia hii hujengeka upesi na huondoka polepole, na hilo ndilo linalonifanya niwe mkali kuhusu bunduki ya kwanza ya mtu. Teke la jouli 30 halitakuvunja mfupa. Litakuharibia ulengaji kwa miezi, na mwenye kulipia uharibifu huo kule Namibia atakuwa choroa.

Basi, ipi kati ya zile tatu ulizoshauriwa?

Mume wako ameona sawa kwamba .243 Winchester ni tulivu. Ilitoka mwaka 1955, ni .308 iliyobanwa shingo, nayo imeangusha swala na kulungu wengi mno duniani. Hilo la kwamba ni "saizi ya wanawake" lisikusumbue wala lisikupendeze. Risasi haijui nani kaishika. Rafiki yako naye hakukosea kuhusu 6.5 Creedmoor. Kampuni ya risasi ya Hornady iliitoa mwaka 2007 kwa ajili ya wapiga shabaha, kichwa chake ni kirefu na chembamba, hukata upepo vizuri, na kwa shabaha ya mita 300 na zaidi siijui inayoizidi kwa teke dogo namna hiyo.

Lakini Namibia ina sheria yake. Unene wa chini kabisa wa risasi ya kuwindia ni milimita 7. Tena kuna kima cha chini cha nguvu mdomoni mwa mtutu: jouli 1350 kwa wanyama wadogo kama springbok, na jouli 2700 kwa choroa, tandala, nyumbu, kongoni na pofu. Nyati na ndovu ni jouli 5400, na hao si wako.

Pima sasa. Risasi ya .243 ina unene wa kama milimita 6.2, na nguvu yake ni jouli 2600 na ushei. Imeanguka mara mbili. 6.5 Creedmoor inapita kwa nguvu, kwani ina jouli 3000 hivi, lakini unene wake ni milimita 6.7. Imeanguka mara moja, na mara moja inatosha. Ukifika Windhoek na bunduki hiyo, mwindaji mwenye leseni anayekuongoza hawezi kukuruhusu uitumie kwa choroa wala kwa springbok. Kama mwaliko ungetoka nchi yenye masharti mengine, ningekuambia chukua Creedmoor na nisingeandika zaidi.

Zinazobaki ni mbili. Ya kwanza ni 7mm-08 Remington, ambayo hakuna aliyekutajia. Nayo ni ganda la .308 lililobanwa, safari hii hadi milimita 7.2, na imekuwa madukani tangu 1980. Kwa kichwa cha greni 140 kinachoondoka kwa mita 850 kwa sekunde, nguvu yake ni kama jouli 3300. Hata mtutu mfupi ukiipunguza hadi mita 820, inabaki na jouli 3000 na zaidi. Sheria imetimia, choroa wa kilo 200 na ushei anamalizwa kwa heshima, na teke lake ni la nusu na kidogo tu ya lile lililokuumiza.

Ya pili ni .308 ya muuzaji, na hapa niwe mkweli ingawa moyo wangu uko kwenye 7mm-08. Tofauti ya teke kati ya hizo mbili ni jouli mbili au tatu tu. Ukichukua .308 yenye uzito wa kilo 4.2 badala ya 3.6, teke lake linashuka hadi jouli 17 hivi, sawa na 7mm-08 ya uzito wa kawaida. Risasi za .308 zinapatikana karibu kila pembe ya dunia, za mazoezi kwa bei nafuu zaidi, na mazoezi ndiyo yatakayokutengeneza. Nenda kwa wauzaji wenye leseni hapa Nairobi uulize swali moja: wana uhakika wa kuleta risasi za 7mm-08 mwaka mzima? Wakisitasita, nunua .308 nzito na usijutie. Hakuna haja ya kumiliki risasi bora unayoipiga mara mbili kwa mwaka.

Tahadhari moja: viwanda huuza risasi zilizopunguzwa nguvu makusudi, za teke dogo. Kwa shabaha ni nzuri sana, na ningekushauri uanze nazo. Baadhi yake, hata hivyo, hushuka chini ya jouli 2700, kwa hiyo usome kisanduku kabla ya kuzifungasha kwa safari ya choroa. Vilevile usiwinde kwa vichwa vya shabaha, hata kama vinagonga senti moja kwa mita 100. Ndani ya mnyama hujui vitafanya nini. Tafuta vilivyotengenezwa kwa uwindaji, vinavyotanuka bila kumeguka: vya shaba tupu, au vile ambavyo madini ya risasi yaliyo ndani yamegandishwa na gamba lake.

Bunduki yenyewe ikukae. Vitako vingi hukatwa sentimita 34 hivi kutoka triga hadi begani, na kwa kimo chako pengine unahitaji 31 au 32. Kitako kirefu hukulazimisha kunyoosha shingo, kikakaa pembeni kwenye mkono badala ya kifuko cha bega, na hapo ndipo damu huvilia. Fundi mwenye leseni anaweza kukikata na kuweka mpira mzuri wa bega. Kazi hiyo ndogo itakusaidia kuliko kubadili namba ya risasi. Darubini nayo ikae sentimita 8 hadi 10 kutoka jichoni. Nimeona nyusi zilizopasuka kwa kupuuza hili.

Utaambiwa pia uweke breki ya mtutu. Ni kweli inapunguza teke sana, kwa kuigeuza gesi kando. Gesi hiyohiyo hubeba kelele na kuirudisha kwako na kwa aliye jirani yako kwenye mstari. Bunduki hizi tayari hupita desibeli 150, wakati sikio linaweza kudhurika kabisa kwa mlio mmoja wa 140. Kwa uwindaji, ambako watu huvua vikinga masikio ili wasikie mnyama, breki ni hatari kubwa, na mimi singekuwekea. Tena nusu ya kushtuka kwa wapigaji wengi husababishwa na mlio, wala si teke. Uwanjani vaa vizibo vya masikio na juu yake vikinga vya nje, vyote viwili, uone jinsi bunduki ileile inavyoonekana kupoa.

Mazoezi yapangwe hivi. Rudi kwenye .22 kwanza, kwa wiki kadhaa, hata kama unaona umeipita, ili kidole kisahau ile siku ya shambani. Kisha, ukiwa na bunduki yako mpya, mwombe mkufunzi akuwekee risasi bila wewe kuona, akichanganya na za bandia zisizo na baruti. Triga ikiachia kwenye ya bandia, utaona kwa macho yako kama mtutu unainama. Hakuna mazungumzo yatakayokufundisha kama dakika hiyo. Usipige zaidi ya risasi 15 au 20 za bunduki kubwa kwa siku moja. Ukichoka, mwili huanza tena kujifunza uoga.

Na usipige ukiwa umekaa kwenye meza ya shabaha siku zote. Ukiwa umeinamia meza, mwili umezibwa na teke lote linaishia begani. Ukisimama, mwili wote huyumba nalo na hulihisi kidogo. Kule Namibia utapiga ukiwa umesimama, bunduki imeegemea vijiti vitatu, kwa hiyo jizoeze hivyo. Ukiweza kuweka risasi tano mfululizo ndani ya sahani ya chakula kwa mita 150 kutoka kwenye vijiti, uko tayari kwa choroa. Ukiwa bado, mwambie mwenyeji wako akusogeze hadi mita 80. Mwindaji mzuri atafurahi kuambiwa hivyo. Moyo wa choroa uko chini kifuani, karibu na kwapa la mguu wa mbele. Wageni wengi hulenga juu mno.

Kuna mambo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Kama bega bado linauma ukiinua mkono, au unahisi ganzi vidoleni, muone daktari kabla ya kupiga tena. Masikio yakivuma zaidi ya siku moja baada ya uwanjani, nenda kwa daktari wa masikio bila kungoja. Na kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa jicho, hasa wa retina, muulize daktari wa macho kuhusu mateke ya bunduki kabla hujanunua chochote. Kukata kitako cha bunduki na kukurekebisha mkao ni kazi ya mtu anayekuona ana kwa ana, kwa hiyo mshike mkufunzi wa klabu yako.

Usilipe hata shilingi kabla ya kuzungumza na Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti chako huandikwa kwa bunduki maalumu na kiasi maalumu cha risasi, na kupewa cheti cha .22 hakukupi haki ya .308. Kutoka nchini na bunduki kunahitaji kibali kingine. Namibia hutoa kibali cha muda mpakani kwa bunduki za kuwindia, lakini za kujifyatua zenyewe na bastola haziruhusiwi. Kama ndege yako inapitia Johannesburg, uliza mapema wanadai karatasi gani kwa silaha inayopita, na uulize kwa maandishi.

Makaratasi yakikuchosha, mashamba mengi ya uwindaji hukodisha bunduki. Unaweza kubaki na .22 yako hapa, au hata kununua hiyo 6.5 Creedmoor kwa ajili ya shabaha peke yake, na kule ukakodi 7mm-08 au .308. Ningeikubali njia hiyo kwa sharti moja: mwandikie mwenye shamba sasa hivi, umtajie kimo chako, uulize urefu wa kitako na uzito wa bunduki, na uombe siku nzima ya shabaha kabla ya kuwinda. Hata ukienda na yako, omba siku hiyo. Darubini hugongwa kwenye mizigo ya ndege, na risasi zako tatu za kwanza Namibia ziende kwenye karatasi.